Kifua Changu na Matambara ya Wairimu

Jumamosi iliyopita tulimzika Wairimu kule Kinoo. Baada ya mazishi tulikaa kwenye viti vya plastiki tukingoja chai, na mjukuu wake, yule mwenye jina lake, akaja akachutama mbele yangu. Ni msichana wa chuo kikuu, ana miwani minene na sauti ile ile ya nyanya yake. Akaniuliza, "Shosho Rasoa, ni ukweli wewe ndio ulimfukuza shosho kwa rumu yake? Alikuwa anatuambia hiyo stori akicheka mpaka analia." Wazee waliokuwa karibu walisogeza viti wasikie nitasemaje. Nikamwambia ni kweli tupu. Nilimtoa yeye, nikatoa cherehani yake, nikatoa na magunia yake yote, na kumbe mimi ndiye niliyekuwa mgeni katika chumba hicho. Msichana akacheka, akataka nianze mwanzo, lakini chai ikaja, na watu wakaja na pole zao, na sikufika mbali. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiimalizia hadithi hiyo peke yangu hapa mezani kila nikinywa chai, na nimeona afadhali niiandike kabla na mimi sijafuata.

Mwaka wenyewe ulikuwa 1957, nami nilikuwa na miaka kumi na tisa. Chumba kilikuwa Kabiria, cha pili katika safu ya vyumba vitano vya udongo na mabati. Wairimu alikuwa amenizidi kama miaka minane. Tulijuana kanisani, akasikia natafuta mahali pa kulala, akasema kitanda chake kina upande mmoja usio na mtu. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro, mito na mablanketi ya viraka. Alitumia vipande ambavyo mafundi wa nguo mjini walifagia chini ya cherehani zao jioni, na mablanketi makuukuu na mapazia yaliyotoka kwenye majumba ya Wazungu kule Woodley, ambayo wapishi waliyachukua yakielekea jalalani. Magunia ya matambara yalipangwa ukutani hadi karibu na paa. Chini ya mabati alikuwa ametandaza shuka kubwa kama dari, na kila kitu chumbani, hata redio iliyokufa ya marehemu mumewe, kilikuwa na kitambaa chake cha kutarizi juu. Sakafu ilikuwa ya udongo uliopigwa vizuri. Godoro letu lilikuwa nene kama mkate wa sikukuu, na hakuna mgeni aliyeingia bila kuambiwa alibonyeze. "Bonyeza," Wairimu alikuwa akisema, "bonyeza uone kama Mzungu analala hivi."

Na aliyekuwa akimletea matambara kutoka mjini ni mimi. Miaka ile ya Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau, Mkikuyu hangeweza kuingia Nairobi bila karatasi ya ruhusa, na ya Wairimu ilikataliwa kila alipoiomba. Mimi, mtu wa magharibi mwa Kenya, nilipita. Nilikuwa nikipiga pasi katika udobi wa hoteli moja katikati ya mji, na jioni nilizunguka kwa mafundi watatu wa Kihindi, nikafunga furushi, nikalibeba kichwani. Siku nyingine nilipata basi, siku nyingine nilitembea Barabara ya Ngong mpaka miguu ikawa miekundu kwa vumbi. Nilikuwa najiletea sumu yangu mwenyewe hadi nyumbani, na nikifika nilipokewa kwa furaha. Wairimu alifungua furushi pale pale kitandani, akapekua vipande kimoja kimoja, huku githeri yetu ya mahindi na maharagwe ikichemka nje. "Huyu fundi wa leo ni mkarimu," aliniambia. "Ona hii ya maua. Hii itakuwa katikati." Mimi nilikuwa tayari nimeanza kupiga chafya.

Kila asubuhi ilikuwa hivyo. Niliamka na chafya kumi, kumi na tano, macho yakiniwasha kana kwamba nimemwagiwa pilipili, halafu kifua kikaanza. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiinama, na kila pumzi iliyotoka ilitoka na sauti, kama birika linalokaribia kuchemka. Wairimu alidhani ni baridi, akaniongezea blanketi. Ikazidi, akaniongezea la pili. Siku hizi watoto wanasema mzio kama vile wanavyosema chumvi. Sisi hatukuwa na neno. Tulikuwa na baridi, tulikuwa na kurogwa, na tulikuwa na tibii, yaani kifua kikuu, na kila mtu alikuchagulia moja katika hayo.

Mimi nilitaka kuwa nesi. Sijui niliitoa wapi hamu hiyo, labda kwenye shuka za udobini, kwa maana nilipenda kitu cheupe kilichonyooka. Mwezi wa pili niliitwa kupimwa katika hospitali iliyokuwa ikifundisha wasichana. Hesabu nilipita, Kiingereza nilipita, nikafika kwa daktari, Mhindi mfupi mwenye mikono baridi. Akaweka kipimo chake mgongoni. "Vuta pumzi. Toa. Tena." Akasikiliza upande mwingine. "Hii kifua inapiga filimbi," akasema. Nikapelekwa kupigwa picha ya mapafu, nikangoja kwenye benchi nikiwa nimeyafumba macho. Picha ilikuwa safi. "Tibii hapana," daktari akasema. "Hii pumu. Lakini nesi akikosa pumzi, nani atashika mgonjwa? Wewe rudi baada ya miezi sita. Kifua ikinyamaza, mimi naandika ndiyo. Ikipiga filimbi, mimi naandika hapana, na hakuna mara ya tatu." Nilipotoka nje nilimwona msichana mmoja mwanafunzi akivuka ua na kofia yake nyeupe, akitembea haraka, anapumua tu bila kufikiri. Nilimwonea wivu ambao sijamwonea mtu yeyote tena maishani.

Ukuta kati yetu na chumba cha Mama Gathoni ulikuwa wa fito na udongo, na kile walichosema wakila kilitufikia kana kwamba tumeketi nao. Jioni moja nilikuwa nimejilaza, Wairimu ameenda kisimani, nikamsikia Mama Gathoni akimwambia mumewe, "Huyo msichana wa Wairimu ana tibii. Wewe huisikii?" Mumewe akatafuna kwanza. "Nasikia." "Na watoto wetu wanalala hapa kando ya ukuta. Kesho naenda kwa Mzee Kinuthia." Mzee Kinuthia ndiye aliyekuwa mwenye vyumba. Akaja Jumapili, amevaa koti la kanisani, akasimama mlangoni bila kuingia. Nilimwonyesha barua ya hospitali iliyosema mapafu yangu ni mazima. Aliigeuza juu chini, akanirudishia. "Karatasi haikohoi," akasema. "Wewe ndiye unakohoa." Kisha akamgeukia Wairimu. "Huyu mgeni wako atoke. Ama mtoke nyinyi wawili." Wairimu alikuwa akimenya viazi, na hakuinua kichwa. "Basi sema wawili, mzee. Mimi siwezi kutoa mgonjwa nje kama kuku." Mzee akasimama kidogo, akatupa mpaka mavuno ya maharagwe, akaondoka. Nilihesabu: mavuno yangefika kabla ya miezi yangu sita.

Jumamosi mbili baadaye walikuja askari wawili kukagua vyumba. Jambo hilo lilikuwa la kawaida, walitafuta walichotafuta na wakaenda. Lakini magunia ya Wairimu hayakuwa ya kupita hivi hivi. Walitaka kujua kilichomo ndani, na njia ya kujua ilikuwa kuyamwaga. Wakayamwaga yote, moja baada ya jingine, katikati ya chumba, wakayapekua kwa fimbo, mmoja wao akipiga chafya na kulaani. Jua lilikuwa linaingia mlangoni, na nikaona hewa imegeuka kuwa kitu kinachoonekana, kama maziwa. Nilikuwa kwenye kona nyuma ya kitanda, na wao walikuwa kati yangu na mlango. Nilivuta pumzi moja, ya pili ikakataa. Nakumbuka nilijaribu kusema "Dada," na neno halikupata hewa ya kulibeba. Wairimu ndiye aliyeniona. Alimsukuma askari, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu hakulifanya mwaka ule, akanishika kwapani, akaniburuta hadi nje. Akanikalisha kwenye debe, nimeinama, viwiko magotini, akasimama nyuma yangu akinishika mabega. "Toa," aliniambia sikioni, "usivute, toa kwanza. Toa." Akanipa kahawa nyeusi isiyo na sukari, moto wa kuunguza ulimi. Baadaye nilijifunza darasani kwamba kahawa hufungua kifua kidogo. Siku ile Wairimu alikuwa nayo tu.

Pumzi ilirudi polepole. Lori la askari likaondoka na kutufunika kwa vumbi la barabara, jekundu, tele, mpaka kahawa ikaingia mchanga. Na mimi katikati ya vumbi hilo nikapumua. Nililiona jambo hilo, nikaliweka moyoni.

Jumatatu nilimpelekea Mzee Athumani swali hilo. Huyu alikuwa mkubwa wetu wa udobi, mtu wa Pumwani, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji ya miaka mingi. Kazini kwangu nilikuwa mzima siku zote, nikipiga pasi katika mvuke bila hata chafya moja, na nilidhani ni kwa sababu ya joto. Nikamsimulia yaliyotokea. Akanisikiliza akikunja taulo. "Umeona mimi hukataza mtu kukung'uta shuka chafu humu ndani?" akaniuliza. Nilikuwa nimeona. Shuka za wageni zilikunjwa kwa ndani, taratibu, zikatumbukizwa kwenye maji yanayochemka. "Vumbi la barabara ni udongo, mwanangu. Ukinawa uso limekwisha. Lakini la kitandani si udongo. Lile ni watu. Ngozi zao, nywele zao, usingizi wao wa miaka. Niliwahi kuwa na kijana hapa, nikimpa mablanketi ayakung'ute anakuwa kama wewe. Nikampeleka kwenye maji, akapona." Akaniangalia. "Nyumbani kwako kuna nini?"

Niliposhuka kwenye basi jioni hiyo nilijua kabisa kilichokuwa nyumbani kwangu, na nilitembea polepole ili nisifike. Wairimu alikuwa kwenye cherehani. Nikasimama. Nikamwambia, "Dada, si baridi inayoniumiza. Ni magunia." Mkono wake ukasimama kwenye gurudumu. "Sema tena." Nikasema tena, nikamweleza ya Mzee Athumani. "Kwa hivyo ni mimi nakuua," akasema. "Sikusema wewe." "Magunia ni mimi, Rasoa. Hakuna Wairimu mwingine amejificha mahali. Mume alikufa, shamba walichukua ndugu zake, mimi nikabaki na hii kazi. Sasa unataka niache?" Kwa siku tatu hatukusemezana. Aliniwekea sahani yangu kwenye kigoda, akala amenipa mgongo. Uji wa asubuhi niliukuta umefunikwa vizuri, una moto, bila neno. Nilianza kufunga vitu vyangu kwenye kanga, nikifikiri nitamwomba Mzee Athumani anitafutie pembe Pumwani.

Siku ya nne nilirudi kazini nikakuta magunia yamepangwa nje, na Wairimu juu ya kitanda amevaa leso puani, anang'oa dari la shuka. "Nimelala na hayo maneno siku tatu," akasema bila kugeuka. "Leo asubuhi nikasikiliza hiyo kifua yako. Ni kama mtu anashona turubai na sindano butu. Mimi ni fundi, siwezi kusikiliza kazi mbaya hivyo. Wewe kaa hapo nje, usiingie. Nitakupa vitu mlangoni." Hivyo ndivyo nilivyomfukuza Wairimu chumbani mwake. Alijifukuza mwenyewe, na akanipa mimi sifa.

Tulifanya kazi kama watu wanaojenga upya. Mbele, kando ya barabara, tulisimamisha nguzo nne na mabati yenye matundu, kikawa kibanda cha cherehani na magunia. Vitambaa vya kutarizi vikaondoka kimoja kimoja, na alipokiondoa kile cha redio nilimwona akikishika kwa muda mrefu kabla ya kukikunja. Fundi mmoja aliyekuwa akijenga karibu na Kinoo alitupatia simiti akapewa godoro, na sakafu ya udongo ikawa sakafu unayoweza kuipangusa kwa kitambaa cha maji. Ufagio ulipigwa marufuku. Mzee Athumani alinipa mpira mkuukuu wa kutandika kitandani, ule usiopitisha maji, uliotupwa na hoteli, Wairimu akaushona kama mfuko, akalivika godoro lake zima ambalo hakutaka kuliacha. Jumamosi tulichemsha shuka na mablanketi katika pipa, tukayaanika, na Mama Gathoni akapita akasema, "Sasa wamekuwa wazimu wote wawili."

Na bado niliamka na filimbi. Ilikuwa imepungua, lakini ilikuwepo, na maharagwe yalikuwa yameanza kukauka shambani. Wiki ya nne nililia. Wairimu alikaa sakafuni akakitazama chumba kitupu, pembe kwa pembe, kama anayetafuta sindano iliyoanguka. Kisha akainuka, akachukua mto wangu. Alikuwa amenishonea mwenyewe nilipohamia kwake, zawadi ya kunikaribisha, umejaa vipande laini kuliko vyote alivyowahi kupata. Ulikuwa umelala chini ya pua yangu kila siku. Alitoka nao, nikasikia mkasi. Siku chache baadaye niliamka na kukawa kimya. Nililala pale nikisikiliza kimya hicho, nikiogopa kusogea. Nikasikia jogoo wa Mzee Kinuthia. Nikasikia vikombe vya Mama Gathoni. Halafu nikamsikia Wairimu kando yangu akipumua usingizini, taratibu, ndani na nje. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja karibu mwaka, na sikuwa nimewahi kusikia pumzi yake, kwa sababu yangu ilizifunika zote.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nesi mkuu wa wodi, wataalamu walitueleza kwamba ndani ya vumbi la kitandani kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula ngozi tunayoipukutisha, na kwamba kifua cha mtu kama mimi hakiponi, bali hutunzwa. Ni kweli. Hadi leo nyumba yangu haina zulia, na wajukuu wangu wanasema ni kama kulala hospitalini. Lakini ukweli wa kitaalamu ulinikuta nimeshashinda. Tuliushinda ugonjwa huo wanawake wawili wenye pipa la maji na mkasi, kwa kuondoa kitu kimoja baada ya kingine.

Mavuno yalifika, na Mzee Kinuthia akaja na koti lake. Safari hii aliingia. Akatembea juu ya sakafu ya simiti, akaigonga kwa fimbo, akaniangalia nikimmiminia chai bila kukohoa. "Hii sakafu," akasema, "mnaweza kufanya na vile vyumba vingine?" Na kibanda kile tulichokisimamisha kwa aibu kikageuka kuwa duka. Chumbani hakuna aliyeziona kazi za Wairimu isipokuwa mgeni aliyebonyezeshwa godoro. Barabarani ziliwapigia kelele wote waliopita. Walimu walisimama, wapishi wa Woodley walishuka baiskeli, bibi harusi mmoja kutoka Riruta akaagiza mablanketi sita ya viraka. Mwezi wa nane Wairimu alikuwa na wasichana wawili wakimsaidia, na Mama Gathoni alikuwa mmoja wa wanunuzi.

Mwezi huo huo, katika ile baridi ya Nairobi inayoingia mifupani, nilirudi kwa daktari. Mikono yake ilikuwa baridi vile vile. "Vuta. Toa. Tena." Akasikiliza mgongo, akasikiliza mbavu, akasikiliza chini ya shingo. Akaniambia nipande ngazi hadi juu na nishuke haraka. Nikapanda, nikashuka, nikasimama mbele yake moyo ukinidunda. Akasikiliza tena, muda mrefu, mpaka nikadhani amesahau. "Kifua gani hii?" akauliza. "Umeazima ya nani?" Kisha akachukua kalamu, akaandika, na neno lilikuwa fupi, nikaweza kulisoma kichwa chini.

Sikungoja basi. Nilitembea kutoka katikati ya mji hadi Kabiria, na kwenye kilima cha mwisho, pale ambapo mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nikisimama mara tatu, nilikimbia. Wairimu aliniona kwa mbali akiwa kibandani na wateja wake. Alinitazama ninavyokimbia, akatazama kifua changu, na hakuuliza nimepita au sikupita. Aliweka mkasi chini, akatoka barabarani, akapiga vigelegele vitano, kama vinavyopigwa Kikuyuni mtoto wa kiume akizaliwa. Milango ikafunguka katika safu nzima. Mama Gathoni akatoka mbio na mwiko mkononi. "Nani? Nani amejifungua?"

"Mimi," Wairimu akamjibu, amenikumbatia mbele ya watu wote. "Nimezaa nesi."